Saa ya Kufika Ndiyo Tiketi Yenyewe

Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay, ng'ambo ya pili ya mto Seine, hufungwa Jumatatu. Mgeni mwenye siku hizo mbili tu mjini, akipanga Orsay Jumatatu na Louvre Jumanne, atakuta milango miwili imefungwa. Akizibadilisha, ataingia kote kuwili bila kuongeza hata senti moja.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu matembezi mengi ya mjini huharibikia kwenye saa kabla ya kuharibikia kwenye pesa. Mtu husema jiji ni ghali, kumbe alifika mnarani saa sita mchana pamoja na mabasi yote ya watalii. Akalipia tiketi ya kuruka foleni. Njaa ikambana, akala pale pale getini ambako kila kitu huuzwa mara mbili ya bei. Miguu ikagoma, akapanda teksi. Gharama zote hizo zimezaliwa na kosa moja la asubuhi.

Na kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko, kuna mtego wa ziada. Tiketi za miji mingi huandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne: 09:00 ni saa 3 asubuhi, 14:30 ni saa 8:30 mchana, 18:00 ni saa 12 jioni. Toa sita, na ikibaki kumi na tatu au zaidi, toa kumi na mbili tena; kwa saa za kabla ya 07:00, ongeza sita. Tiketi ya muda maalumu haina huruma. Ukichelewa nusu saa, sehemu nyingine hazikuingizi na pesa hairudi. Ukishanunua tu, weka kengele kwenye simu kwa saa uliyozoea kuisoma.

Nguzo moja kwa siku

Fungua ramani uchague kitu kimoja ambacho ukirudi nyumbani bila kukiona utajuta. Hicho ndicho nguzo ya siku. Kikague mambo manne kabla ya kingine chochote: siku ya kufungwa, saa ya mwisho ya kuingia (mara nyingi ni dakika 30 hadi 60 kabla ya kufunga, na hapo ndipo wengi hukwama), kama tiketi lazima ikatwe mapema, na kama kuna saa au siku ya kuingia bure.

Kisha chora duara la kilomita moja na nusu kuizunguka nguzo hiyo. Mtu mzima hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa, lakini mwendo huo ni wa mtu anayekwenda kazini. Ukiweka kusimama kupiga picha, kusubiri taa za kuvukia, kupotea kidogo na kutafuta choo, unabaki na kilomita 2 hadi 2.5 kwa saa. Ndani ya duara chagua vitu viwili vidogo visivyo na kiingilio: daraja, soko, bustani, mtaa wa zamani. Vingine viache. Kilomita 10 hadi 12 kwa siku nzima ni nyingi tayari, na orodha ya vivutio kumi na viwili humfanya mtu aone vituo vya treni kuliko anavyoliona jiji.

Ramani bapa huficha vilima. Njia inayosomeka dakika 12 inaweza kuwa ngazi mia tatu. Kanuni ni kupanda kwa chombo na kushuka kwa miguu. Pale Montmartre, Paris, kilima chenye urefu wa mita 130 hivi, kuna kigari cha reli kinachopanda hadi karibu na kanisa la Sacré-Cœur, nacho hupokea tiketi za usafiri wa umma. Panda nacho, halafu ushuke kwa vichochoro vya nyuma polepole, mji wote ukiwa mbele ya macho yako. Anayefanya kinyume hufika juu akihema, haoni kitu.

Bure ya aina mbili

Kuna bure ya kudumu na bure ya saa maalumu, na hutumiwa kwa namna tofauti.

Bure ya kudumu ndiyo tamu zaidi. Tangu Desemba 2001 majumba ya makumbusho ya taifa ya Uingereza hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yake ya kudumu. Maonyesho maalumu tu ndiyo hulipiwa. Washington nako majumba ya Smithsonian ni bure, ingawa lile la historia na utamaduni wa Wamarekani wenye asili ya Afrika, lililofunguliwa 2016, linahitaji pasi ya muda maalumu. Pasi yenyewe haina malipo, lakini huwahiwa.

Faida kubwa ya bure ya kudumu haiko kwenye pesa. Aliyelipa kiingilio kikubwa hujilazimisha kuona kila chumba ili "pesa isipotee", na baada ya saa mbili macho yanatazama bila kuona. Uchovu huo una historia: mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa jumba la sanaa la Boston alichapisha makala kuhusu uchovu wa makumbusho, akitumia picha za mtu anayeinama, kuchuchumaa na kujinyonga shingo ili asome vibandiko na kuona vitu ndani ya makabati. Kinachochosha, basi, ni zaidi ya umbali. Ni kule kusimama, kuinama na kukaza macho mfululizo. Penye mlango wa bure unaweza kuingia dakika 40, ukaona vitu vitano kwa utulivu, ukatoka nje kupumua, na ukarudi kesho.

British Museum hufunguliwa saa 4 asubuhi. Anayetaka kuliona Jiwe la Rosetta, bamba la kale la Misri lenye maandishi, bila migongo ya watu aende kwenye jiwe hilo kwanza, moja kwa moja, ndipo azunguke sehemu nyingine. Njia ya pili ni Ijumaa jioni, siku ambayo majumba makubwa ya London huchelewa kufunga: British Museum hadi saa 2:30 usiku, National Gallery hadi saa 3, na Victoria and Albert hadi saa 4. Makundi ya shule yameshaondoka, mabasi ya watalii yameshaondoka, na sakafu inasikika hatua zako.

Bure ya saa maalumu inataka mkakati. Jumba la sanaa la Prado, Madrid, hufungua bure saa mbili za mwisho: Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, na Jumapili kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Ni nafasi nzuri sana kwa aliyekwisha kuchagua picha nane au kumi anazozitaka na kujua ziko vyumba gani. Kwa anayetaka kuzurura ni mateso, maana foleni hula sehemu ya muda wenyewe. Makumbusho ya Vatikani ni bure Jumapili ya mwisho ya mwezi, lakini siku hiyo hufungwa mapema mchana na umati unaotangulia kupanga mstari ni mkubwa. Kama Roma unazo siku chache tu, naona ni heri ulipie siku nyingine kuliko kuimaliza asubuhi yako nzima kwenye foleni kando ya ukuta. Kama unakaa wiki, nenda alfajiri ukajaribu.

Nyumba za ibada ziko katika kundi lake. Basilika la Mtakatifu Petro halina kiingilio, ila mabega na magoti lazima yafunikwe, na watu hurudishwa mlangoni baada ya kupanga foleni ndefu. Mtandio mwembamba kwenye begi hauna uzito. Msikiti wa Sultan Ahmed, Istanbul, nao hauna kiingilio, lakini hufungwa kwa wageni nyakati za sala, na Ijumaa huwafungulia baada ya sala ya mchana. Tazama ratiba ya sala ya siku hiyo, ujipange katikati ya sala mbili.

Mwanga, na vidole vinne

Mahali pale pale saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni ni mahali pawili. Mchana jua liko utosini, vivuli ni vifupi na vyeusi, nyuso za majengo zimeungua. Jioni mwanga hulala, huingia ndani ya matao, na mawe huchukua rangi. Hili halina malipo, na ndilo hubaki kichwani miaka kumi baadaye. Kwa hiyo kitu cha ndani ukiweke mchana, kitu cha nje ukiweke asubuhi mapema au jioni.

Kujua jua litazama baada ya muda gani huhitaji hata simu. Nyoosha mkono mbele yako wote, kiganja kikikutazama, vidole vinne vilale pamoja. Weka kidole cha chini juu ya upeo wa macho. Kila kidole huziba takriban nyuzi mbili za anga, na dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Karibu na ikweta jua hushuka wima, hivyo kidole kimoja ni kama dakika 8 na vidole vinne ni nusu saa. Paris au London jua hushuka kwa mshazari: kidole kimoja ni dakika 12 au zaidi kidogo, vidole vinne vinakaribia saa nzima. Usilikodolee jua lenyewe. Lizibe kwa mkono. Na kumbuka kwamba mjini upeo wako ni paa la jirani, kwa hiyo barabarani mwanga hutoka mapema kuliko saa iliyoandikwa. Ndiyo maana watu hupanda juu, au huenda mtoni ambako anga iko wazi.

Fika dakika 45 kabla ya jua kuzama, na usiondoke linapozama. Kosa hili liko kila mahali: jua likitoweka watu hupiga makofi, hukunja vitu vyao, hutawanyika. Rangi ya buluu nzito, taa za mji zikiwa zimewaka na anga bado haijawa nyeusi, huja baada ya hapo. Kwenye ikweta hudumu kama dakika 20 tu, lakini kwenye miji ya kaskazini huchukua nusu saa hadi zaidi ya dakika 40. Kwa simu, huo ndio wakati wa picha nzuri za usiku, maana anga bado ina mwanga wa kutosha kuonyesha umbo la majengo. Egemeza simu kwenye ukuta au nguzo, tumia kihesabu sekunde badala ya kubonyeza, picha haitatikisika.

Kuhusu minara: kabla ya kulipia, jiulize ukiwa juu utaona nini. Ukiwa juu ya Mnara wa Eiffel, kitu kimoja huwezi kukiona Paris, nacho ni Mnara wa Eiffel. Anayetaka kuupanda kwa nafuu achukue ngazi. Ni 674 hadi ghorofa ya pili, tiketi yake ni rahisi kuliko ya lifti, na ghorofa hiyo ndiyo yenye mandhari bora kwa sababu bado unatambua mitaa na watu. Miji mingine ina roshani za bure katika majengo ya umma. Jengo la serikali ya jiji la Tokyo, mtaa wa Shinjuku, lina kumbi za kutazamia kwenye ghorofa ya 45, mita 202 kutoka chini, bila malipo. Asubuhi angavu za majira ya baridi mlima Fuji huonekana. Kuba la kioo lililokamilika 1999 juu ya Reichstag, jengo la bunge mjini Berlin, pia ni bure, ila unajiandikisha mapema kwa jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu, na siku yenyewe unaonyesha pasipoti. Jina likikosewa, mlinzi hana la kukusaidia.

Chombo cha wananchi

Safari nzuri za mjini mara nyingi ni zile ambazo wenyeji huzitumia kwenda kazini. Feri ya Staten Island, New York, haitozi nauli tangu 1997. Huondoka kituo cha Whitehall, ncha ya kusini ya Manhattan, huchukua dakika 25 hivi, hufanya kazi usiku na mchana, na hupita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Namna ya kuipanda: fika mapema usimame karibu na milango, ikifunguliwa, elekea upande wa kulia, kwa sababu sanamu iko kulia wakati wa kwenda na kushoto wakati wa kurudi. Mkifika St. George, kituo cha upande wa Staten Island, abiria wote hushuka, hata anayerudi papo hapo. Toka, zunguka ndani ya kituo, panga mstari upya. Haisimami kwenye sanamu. Na nje ya Whitehall wapo wanaowauzia wageni "tiketi" za feri hiyo. Feri haina tiketi. Pita tu.

Hong Kong ina Star Ferry kati ya Tsim Sha Tsui na Central, na sitaha ya chini ni nafuu kuliko ya juu, tena iko karibu na maji. Istanbul, feri ya kawaida ya kwenda Kadıköy inakuvusha kutoka Ulaya hadi Asia kwa kadi ile ile ya mabasi.

Nchi kavu, basi namba 100 la Berlin huenda kutoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz likipita jirani na Reichstag, lango la Brandenburg na Kisiwa cha Makumbusho. Panda kwenye kituo cha kwanza, uwahi siti za mbele ghorofani. Tramu namba 28 ya Lisbon ina sifa zaidi, na sifa imeiharibu: mchana hujaa hadi mlangoni na wezi wa mifukoni wanaijua kuliko madereva. Ipande Martim Moniz asubuhi na mapema, au uifuate njia yake kwa miguu ukiteremka. Ukisimama kando kwenye kona za mtaa wa zamani wa Alfama, tramu inayopita ni picha nzuri kuliko tramu uliyobanwa ndani yake.

Nauli nayo ina hila zake. London, ukigusa kadi ya benki kwenye mashine, mfumo hujumlisha safari zako na kuacha kutoza ukifikia kikomo cha siku. Lakini ukigusa kadi asubuhi na simu yenye kadi hiyo hiyo mchana, mfumo huona abiria wawili, na kila mmoja anaanza kuhesabiwa upya. Chagua kimoja, ukitumie siku nzima, na kwenye treni uguse unapoingia na unapotoka. Luxembourg imemaliza mjadala huo kabisa: tangu mwaka 2020 usafiri wa umma nchini kote ni bure kwa wenyeji na wageni, isipokuwa daraja la kwanza kwenye treni.

Pasi za watalii zinazokusanya vivutio vingi ndizo huwapoteza wengi. Usihesabu vivutio vilivyomo. Hesabu vile ambavyo ungevilipia hata pasi isingekuwepo. Ikiwa jumla ya hivyo haifikii bei ya pasi, achana nayo. Kisha soma neno moja: ni ya saa au ya siku? Pasi ya saa 48 uliyoianzisha Ijumaa saa 8 mchana inaisha Jumapili saa 8 mchana, yaani imekugusa siku tatu. Pasi ya siku mbili ukiianzisha saa hiyo hiyo inaisha Jumamosi, na nusu ya siku ya kwanza umeshaitupa.

Vitu vidogo vinavyokula pesa

Ukitafuta tiketi mtandaoni, majibu ya juu mara nyingi ni walanguzi wenye tovuti zinazofanana na rasmi. Jina la kivutio kuwa ndani ya anwani si ushahidi. Tafuta ukurasa wa taasisi yenyewe, ufuate kiungo chake cha tiketi.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya hapo ulipo, chagua ya hapo. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na hajipunji.

Mtu akikwambia barabarani kwamba mahali unapokwenda pamefungwa leo, mshukuru uendelee hadi mlangoni ukajionee. Anayekuja kukwambia hivyo bila kuulizwa kwa kawaida ana mahali pengine pa kukupeleka.

Matembezi ya "bure" ya kuongozwa kwa miguu hayana tiketi, lakini kiongozi anaishi kwa bahashishi, na wapo wanaolipa kampuni kwa kila kichwa. Ile picha ya pamoja ya mwanzoni mara nyingi ni hesabu ya watu. Mlipe kwa haki. Yafanye siku ya kwanza, umuulize kiongozi yeye hula wapi na hukaa wapi jioni, na hapo umepata thamani yake yote.

Beba chupa ya maji. Roma ina zaidi ya mabomba 2,000 ya barabarani yaitwayo nasoni, yaliyoanza kuwekwa 1874, ambayo maji yake hutiririka saa zote. Huna haja ya kuinama. Pua ya bomba ina tundu dogo juu yake. Ziba mdomo wa chini kwa kidole, na maji yataruka juu kupitia tundu hilo hadi usawa wa kinywa.

Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado na wi-fi, ukijua kwamba ramani iliyopakuliwa inakuonyesha mitaa lakini kwa kawaida haikupi ratiba za mabasi na treni. Tiketi zenye msimbo zipige picha ya skrini, kwani ndani ya kuta nene za majengo ya kale mtandao hupotea pale pale penye kikaguzi.

Na la kurudi litazame kabla ya kutoka. Metro ya Paris humaliza siku za kawaida mnamo saa 7:15 usiku, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi huongeza takriban saa moja. Chombo cha mwisho usikifanye mpango wako. Lenga kile kinachokitangulia, ili kikikupita ubaki na kimoja mkononi. Ukikata tiketi ya treni ya usiku, angalia tarehe mara mbili: iliyoandikwa Jumamosi 00:20 ni ya usiku wa kuamkia Jumamosi, saa 6:20. Ukienda kituoni Jumamosi usiku, treni yako itakuwa imeondoka tangu usiku uliotangulia.